Eti 111111 ndio namba ya VIP

Jamaa mmoja muuza laini hapa Kampala kanitajia bei ya laini inayoishia na moja sita, nikadhani ananiuzia na simu yenyewe ndani. "Bosi, hii namba nzuri, hazipatikani." Nzuri kwa lipi?

111111 ukiigusa tu inavunjika. Igawe kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13, kwa 37, zote zinaingia bila kubaki kitu, na hizo tano ukizizidisha zenyewe kwa zenyewe unapata 111111 yako kamili. Haya, nakubali inakaa kichwani haraka, mtu wa boda au muuza rolex (chapati ya mayai, sio saa) itamsaidia. Basi, imeishia hapo.

Sasa tazama hii: 2147483647. Yule jamaa angekupa bure na eyataimu juu, maana haina sura. Lakini hiyo ni namba tasa bwana, haigawanyiki kwa chochote ila 1 na yenyewe! Chukua 2 thelathini na moja, zizidishe zote, toa 1, ndio hiyo. Na aliyethibitisha ni mwanahisabati Euler, 1772, mzee ambaye macho yalikuwa karibu yamekufa kabisa, hana kalkuleta, hana umeme wa kukatika. Hakujaribu kila namba mpaka 46,340 kama mjinga, kwanza alionyesha kwamba kama kuna namba tasa inayoweza kuigawa, basi hiyo ukiigawa kwa 248 lazima ibaki 1 au 63, nyingine zote akazitupa nje, halafu zilizobaki akazipiga moja moja mpaka zikaisha. Zaidi ya miaka 70 ikapita hakuna mtu aliyejua namba tasa kubwa kuliko hiyo. Mimi nikifika hapo huwa nanyamaza kidogo.

Na msiseme ni mambo ya wazungu wa zamani. Kompyuta inayohesabu kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, inatumia moja kwa alama ya kutoa, zinabaki 31, kwa hiyo mwisho wake ni hiyohiyo 2147483647. Mifumo ya zamani inahesabu sekunde tangu 1970 kwa mtindo huo, na sekunde zitajaa tarehe 19 Januari 2038, hapa kwetu saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, watu wako kwenye takisi wanaenda kazini. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haujarekebishwa utaona ni Desemba 1901. Wenye kompyuta za kizee ofisini, muulizeni fundi wenu mapema, na huyo wa VIP mwacheni na moja zake.