Kahawa ya Darini

Baba mkwe alipokuja Dar kutoka Bukoba, nilijiapiza kwamba kwangu hatakunywa chai. Chai akanywe kwa wakwe wengine. Mimi nitampa kahawa nzito, ile ukitia kijiko kinasimama wima, kwa birika la moka nililolinunua mtumba pale Karume baada ya kubishana bei hadi muuzaji akaniita bahili.

Kama hulijui, moka ni birika la vyumba viwili. Maji yanakaa chini, unga unakaa katikati kwenye kichujio, mvuke unayasukuma maji yapite kwenye unga, kahawa inatokea juu. Waitaliano wanalo tangu 1933, na nadhani dari zao bado nyeupe.

Unga ndio ulioniponza. Nilikuwa na ile kahawa laini kama poda, ya kuchemshia kwenye dele. Nikajaza kichujio, nikaona nafasi ipo, nikashindilia kwa mgongo wa kijiko. Nikaongeza. Nikashindilia tena, safari hii kwa kidole gumba, kama fundi anayeziba bomba. Na kweli niliziba. Gesi nikaifungulia hadi mwisho, maana mkwe hasubirishwi.

Dakika tano, kimya. Dakika ya saba birika likaanza kupiga mluzi ubavuni, kwenye kile kitundu cha usalama. Mwenye akili angezima jiko. Mimi nikafunua kifuniko nichungulie.

Likapiga chafya.

Sijui niliruka vipi, ila nilijikuta nyuma ya friji nimekumbatia ndoo tupu. Juu, dari tuliyoipaka rangi Desemba ilikuwa na Ziwa Victoria zima, pamoja na Ukerewe na visiwa vyake.

Baba mkwe akaja mlangoni, akatazama juu. Tone likamdondokea kwenye kipara. Akalifuta kwa kidole, akalamba.

"Imekolea," akasema.

Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kifurushi cha kahawa za kwao, zile za kutafuna.

"Mkwe, sisi tunaichemsha na majani ya kunukia, tunaianika, tunatafuna. Tangu nizaliwe, haijamrukia mtu."

Nikapokea punje mbili kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Mke wangu, ambaye hadi hapo hakuwa ametamka neno, akanikabidhi ngazi.