Wikiendi ukiamka huna mpango, nenda kaone kanisa la zamani

Kuna watu bila ratiba ya wiki mbili hawatoki nyumbani, na siwalaumu, safari ya mbali inataka kujipanga. Ila hii safari ya siku moja, ya kwenda mji mdogo kuangalia kanisa kuukuu au magofu ya ngome halafu jioni umerudi, mimi naona ukiipanga sana unaiua. Unaamka, mvua hakuna, simu ina chaji, basi, unaenda stendi unapanda gari la ule mji ambao miaka yote unaupita tu ukielekea kwingine.

Ukienda ukiwa umeshasoma kila kitu kwenye intaneti, ukifika unaanza kutafuta ile picha uliyoiona, ukiipata unapiga na ya kwako, safari imeisha. Ukienda huna habari inabidi jengo lenyewe likusimulie, na majengo ya zamani yanasimulia kwelikweli, hasa ya miji midogo maana huko mara nyingi hela ya kubomoa na kujenga upya haikuwepo, kila kizazi kikawa kinaongeza chumba, kinaziba mlango, kinatia kiraka, na vyote viko palepale unaviona.

Mimi nikifika siingii ndani kwanza, nazunguka nje taratibu. Makanisa mengi ya zamani madhabahu iko upande wa mashariki kwa hiyo hata ukiwa mgeni wa mji unajua umeelekea wapi. Halafu naukagua ukuta. Mawe yakibadilika rangi au ukubwa ghafla, au ukiona umbo la tao limejazwa mawe, hapo palikuwa na mlango au dirisha na kuna mtu aliamua paondoke, unabaki unajiuliza kwa nini, na mimi hilo swali linaweza kunikalia kichwani wiki nzima.

Hata makanisa yenye jina kubwa yana mambo haya. Chukua Chartres kule Ufaransa, mji wenyewe wa kawaida tu, kanisa lake kuu lina minara miwili na vilele havifanani kabisa. Cha kusini ni cha karne ya 12, mawe matupu bila makuu, cha kaskazini kilikuwa cha mbao, radi ikakichoma mwaka 1506, wakajenga cha mawe chenye nakshi nyingi kama mtindo wa siku zao ulivyokuwa, wala hawakuhangaika kuvifananisha. Au Chesterfield, Uingereza, kilele cha kanisa kimejipinda kama kamba iliyosokotwa, na maelezo ambayo wengi wanayakubali ni kwamba mbao zilipandishwa zikiwa mbichi, zikaja kukaukia hukohuko juu huku zimebeba mzigo wa madini ya risasi. Kimejengwa karne ya 14 na kipo mpaka leo, kimepinda hivyohivyo.

Lakini kanisa ambalo siachi kulifikiria ni la Ashwell, kijiji tu, nako ni Uingereza. Ndani, kwenye ukuta wa mnara, kuna maandishi ya Kilatini yaliyokwaruzwa na ncha ya kitu kigumu, yanataja tauni na mwaka 1350 na hali mbaya ya watu wachache waliobaki, kisha yanataja upepo mkali uliokuja baadaye. Yaani mtu amezika watu wake, anasimama pale na kitu chake chenye ncha, anaandika kwenye jiwe ili anayekuja ajue. Sasa fikiria ni wangapi wanapita barabara ya karibu na pale hawasimami.

Kwa hiyo ndani usikimbilie madirisha ya vioo vya rangi peke yake, sogea karibu na nguzo, mulika na tochi ya simu kwa pembeni hivi, mikwaruzo inajitokeza.

Kitu kinachoniuma ni ukarabati wa haraka. Nimeshaingia kanisa moja kuta zake zimepigwa plasta ya saruji, wenyewe walikuwa na nia njema kabisa, lakini kuta za zamani zilijengwa kwa chokaa na chokaa inaruhusu unyevu utoke, saruji inaufungia ndani, baada ya miaka jiwe linaanza kumeguka lenyewe na plasta inabanduka nalo. Fundi anayejua chokaa ni ghali na hawako wengi, najua, ila jiwe likishameguka halirudi. Ndo maana ukikuta sanduku la michango mlangoni weka chochote ulicho nacho, hata kama siyo dini yako.

Na ukikuta pamefungwa usigeuze. Uliza nyumba ya jirani nani ana ufunguo, mara nyingi ni mzee fulani anakaa karibu na anajua mambo ambayo hayako kwenye kibao chochote, msalimie vizuri, mwache aongee kwa mwendo wake, ukimharakisha atakufungulia mlango tu basi. Ibada ikiwa inaendelea kaa nje usubiri, au ingia ukae nyuma kimya, kamera mfukoni.

Cha kuhakikisha kabla hujaanza kuzunguka ni kimoja tu, gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi. Uliza kondakta ukishuka.