Vumbi la Asili

Mke wangu ana sheria moja: kitu chochote nikinunua gulioni Jumapili, kilale nje usiku mmoja kabla hakijaingia ndani. Sheria hiyo ilianza na kiti cha uvivu kilichokuja na panya. Kwa hiyo siku niliyorudi na mashine ya kufyonza vumbi begani, sikuthubutu kupita mlango wa mbele. Nilizunguka uani, nikaificha bandani nyuma ya baiskeli, kisha nikaingia ndani na mkate na maziwa kama mtu mwema aliyetumwa dukani.

Gulio lenyewe, kwa asiyelijua, liko hivi. Hapa Leicester, Uingereza, watu huja uwanjani na magari alfajiri, wanafungua buti na kutandaza vitu vya nyumbani. Nusu ya vitu hivyo ni vya marehemu. Ukiona kwenye meza moja sahani za maua, miwani sita na saa ya ukutani, jua kuna bibi kizee amefariki na wajukuu wanataka nyumba ibaki tupu kabla mwezi haujaisha. Kwenye meza ya namna hiyo ndipo nilipoiona: ile ya kusimama, mpini mrefu, fuko la nguo likining'inia mgongoni kama mtoto kwenye mbeleko. Muuzaji alitaka pauni 10. Nikamwambia 8. Alikubali kabla sijamaliza kutamka, na hapo ningeshtuka kama ningekuwa na akili zangu, lakini nilikuwa nimeshapotea.

Waingereza huziita mashine hizi zote "huva", hata ikiwa ya kampuni nyingine kabisa, kama sisi tunavyoita kila dawa ya meno Kolgeti. Yangu ilikuwa Hoover kweli, jina liko kifuani. Tena nzito. Kwa hesabu zangu kitu kizito ni cha zamani, na kitu cha zamani ni pesa. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeshaipa umri wa miaka 80, nimeshaiuza pauni elfu mbili, nimeshaezeka upya nyumba ya mama kule Pongwe, Tanga, na chenji imebaki.

Kuanzia siku hiyo, kila nikitoka zamu ya usiku nilikuwa napitia bandani. Mke wangu alidhani nimeanza kuvuta sigara.

Siri ya mashine hizi iko tumboni. Niliilaza chali, nikasugua bamba dogo la chuma kwa kitambaa chenye siki, herufi zikaanza kujitokeza moja moja: Hoover Limited, Perivale, Greenford, Middlesex. Chini yake volti, na namba ya modeli, tarakimu nne. Nikaruka. Perivale naijua! Ukiingia London kwa ile barabara ya A40 utaliona jengo lake, jeupe, refu, lenye madirisha ya kijani na nguzo kama kasri la sultani. Miaka yangu ya kwanza hapa nilidhani ni ubalozi. Siku hizi ndani kuna watu wamepanga, na nyuma yake kuna supamaketi. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1933, kwa hiyo nikatangaza kwamba mashine yangu ni ya mwaka 1933.

Kwa mantiki hiyo, mimi nami nilizaliwa siku hospitali ya Bombo pale Tanga ilipofunguliwa.

Ushahidi wa kunipinga ulikuwepo, tena bandani mle mle. Nilipofungua bamba la chini, pembeni ya brashi kulikuwa na sarafu kubwa ya shaba, peni ya zamani, ile iliyotumika kabla Waingereza hawajabadili hesabu ya fedha zao Februari 1971. Ina kichwa cha Malkia Elizabeth, na mwaka umeandikwa wazi: 1967. Waya wa umeme nao, ndani ya ganda lake lililochanika kama kisigino cha mvuvi, ulikuwa na rangi nyekundu, nyeusi na kijani, rangi zile zile nilizozizoea kwenye nyumba za zamani za Ngamiani. Kwenye nyaya za vifaa vya nyumbani, Waingereza waliziacha rangi hizo miaka ya 1970 ilipoanza. Mtu timamu angekusanya hayo mawili akasema: aa, kumbe ni ya miaka ya sitini. Mimi nikasema peni iliingia baadaye.

Nikaipeleka picha kwa mzee mmoja muuza vitu vya kale. Aliitazama kama daktari anavyotazama mafua. "Hii ni Junior," akasema. "Zilikuwa kila nyumba. Ninazo tatu stoo, moja naizuilia mlango." Kisha, nadhani kwa kunionea huruma, akaongeza kwamba wakusanyaji hupenda kifaa kilichobaki katika hali yake ya asili.

Neno "asili" ndilo nililoondoka nalo.

Kazi ya bandani niliifanya kwa moyo, hilo mtu asininyang'anye. Brashi ilikuwa imevikwa nywele za ukoo mzima, nyeupe, kahawia na nyingine nadhani za mbwa, nikazikata kwa wembe na kuzivuta kama mtu anayetoa miiba ya kambare. Nikatia tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa mhimili. Nikabadilisha waya, nikafunga plagi mpya na fyuzi yake. Yale makaa madogo yanayopeleka umeme kwenye mota, mafundi huyaita kaboni, yalikuwa yamelika lakini yana uhai. Mkanda wa mpira ulikuwa umekauka kama ng'onda, nilipougusa ukakatika. Mkanda mpya unapatikana mpaka leo kwa bei ya chai na andazi, na ulikuja kwenye bahasha yenye mchoro wa namna ya kuuvalisha. Bahasha niliitupa. Nimesomea ufundi miaka miwili Tanga, mchoro wa nini?

Fuko sikuligusa. Yaani nililipiga brashi kwa nje, lakini yaliyokuwa ndani niliyaacha kama yalivyo. Hali ya asili. Lilikuwa limetuna kidogo kwa chini, ukiliminya linatoa sauti ya mchanga.

Sasa, wiki ile ile babu yake mke wangu alikuja kututembelea kutoka Muheza. Babu Mhina ana miaka 78, mwembamba, mkimya, na kwa utani wetu mimi nimemwibia mke, kwa hiyo ananiita "mume mwenzangu" mbele za watu. Mke wangu akaalika jamaa Jumapili mchana wamwone babu: familia nne, wanaume karibu wote na kanzu nyeupe, biriani ya mbuzi kwenye masinia mawili, kachumbari, juisi ya ukwaju. Nikaona Mungu amenipangia hadhira.

Chakula kilipokuwa kinapangwa kwenye busati, mimi nikaingia na mashine. Mke wangu alinitazama kwa lile jicho. Nikajifanya sioni. Nikasimama katikati ya zulia, mkono kwenye mpini, nikaanza kutoa darasa.

Nikawaeleza kwamba mashine hii babu yake ni mfagizi. Kweli kabisa: James Murray Spangler, mzee wa kufagia kwenye duka kubwa mjini Canton, jimbo la Ohio, Marekani. Vumbi la mazulia lilikuwa linamkaba kifua, basi mwaka 1907 akachukua boksi la bati, feni ya umeme na mpini wa ufagio, na nyuma akafunga foronya ya mto ili vumbi liishie humo. Foronya! Watu wakacheka, nami nikapata nguvu. Nikawaambia mwaka 1908 alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake, akamuuzia William Hoover, mtu aliyekuwa na biashara ya vitu vya ngozi, matandiko ya farasi na kadhalika, na ndiyo maana leo tunasema Hoover na hatusemi Spangler. Mfagizi akavumbua, tajiri akapewa jina. "Kama kawaida," akasema mtu mmoja karibu na biriani. Mwingine akauliza kama darasa lina mapumziko ya chakula.

Babu Mhina alikuwa amekaa kwenye kochi, ametulia, anaitazama mashine. Hakusema neno. Mimi nikadhani ni mshangao wa mtu wa Muheza kuona maajabu ya Ulaya, nikamsogelea na kumweleza polepole, kwa sauti ya kumsaidia: "Babu, hii inatumia umeme." Akaitikia kwa kichwa.

Ili watu waone kazi yake, nikanyunyiza konzi ya unga wa ngano juu ya zulia. Nikawasha.

Kwa sekunde kama tatu nilikuwa mfalme. Mota ilinguruma, fuko likajaa upepo, likasimama wima mgongoni mwa mpini, mtu mmoja akasema mashallah. Kisha mashine ikaanza kurudi nyuma. Mimi nasukuma mbele, yenyewe inanijia, inanipanda vidole vya miguu. Brashi nayo, badala ya kuuvuta unga ndani, ikawa inauchota na kuurusha mbele, shwaa, kwenye kanzu za safu ya kwanza. Nikaona suluhisho ni kuinyanyua pua. Nikakandamiza mpini chini kwa nguvu, na hapo kile kibanio kinachoshika shingo ya fuko kikaachia.

Inabidi nieleze kidogo. Kwenye mashine hizi za zamani uchafu hauishii njiani: unapita kwenye feni yenyewe, na feni ndiyo inayousukuma kwenda fukoni. Fuko likichomoka, feni haijui. Inaendelea kupuliza. Fuko lilipaa likagonga taa, likajikung'uta lenyewe angani, na likatoka vumbi la asili.

Lilikuwa la kijivu, laini kama poda ya mtoto, lina harufu ya kabati la nguo za marehemu. Nusu karne ya bibi wa Kiingereza na mbwa wake. Lilishuka bila haraka kwenye kofia za viua, kwenye ndevu, kwenye kachumbari, kwenye jagi la ukwaju ambalo lilifanya utando. Watoto walishangilia wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mimi nilikuwa natafuta swichi kwa kupapasa, nikamshika pua shemeji yangu. Mke wangu peke yake ndiye aliyekuwa na akili timamu: lile fuko likiwa bado angani, tayari alikuwa ameshafunika biriani kwa makawa yote mawili na amelala juu ya moja.

Kelele ikakatika. Babu Mhina alikuwa amesimama ukutani, kidole kwenye swichi ya soketi.

Alikuja, akaiinamisha mashine chali, akafungua bamba la chini kwa mpini wa kijiko bila kutafuta pa kuanzia. Akanionyesha mshale. Upo, umechorwa kwenye chuma, na mimi nilikuwa nimeusugua kwa siki mwenyewe. Mota ya mashine hii imesimama wima na brashi imelala, kwa hiyo mkanda lazima upinduliwe robo mzunguko kufuata mshale. Ukiupindua upande mwingine, brashi inazunguka kinyume.

"Mkanda umeupindua siko, mume mwenzangu," akasema. "Na fuko hukulikung'uta."

"Babu, unaijua hii?"

"Nimeiendesha miaka minne. Nilikuwa boi wa ndani kwa meneja wa shamba la mkonge. Fuko tulikuwa tunalikung'utia nje, juu ya gazeti lililoloweshwa maji, na memsahibu yuko mlangoni anahakikisha."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa unazungumza."

Watu walicheka mpaka vumbi likawatoka. Babu akapandisha kanzu, akalirudisha fuko shingoni, klik, akafagia sebule nzima kwa mistari iliyonyooka kama matuta ya mkonge, zulia likarudi rangi ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeisahau. Wageni walikula biriani wakiwa wa kijivu. Kanzu kumi na moja nilizifua mimi, kwa amri, na mke wangu hakunisemesha mpaka Jumatano.

Babu alipomaliza likizo yake akasema zawadi nyingine hataki, anataka mashine. Kule plagi ni hii hii ya pini tatu, umeme ni huu huu, sikuwa na hoja. Tukaitenganisha, tukaipima jikoni mara nne kwenye mizani isizidi kilo 23, fuko akalibeba mwenyewe mkononi, safari hii likiwa tupu.

Jumapili iliyopita akapiga simu kutoka Muheza. Mashine imefika salama, ameiwasha, majirani wamekuja kuiona na kuisikia, inanguruma vizuri. Nikamwuliza inafagiaje.

"Haifagii," akasema. "Sakafu yangu ni saruji. Futi tisa kwa kumi na mbili, mume mwenzangu, na liwe jekundu."