Acheni Kututetea kwa Misuli

Mwanamume mzima akisema anajifunza baleti, yanayofuata nayajua. Kicheko kwanza. Kisha swali la suruali ya kubana. Mwishowe anatokea mmoja mwenye huruma, anamkingia kifua: "Msimcheke bwana, ile kitu ni ngumu kuliko jimu." Wanaocheka nimewazoea. Ni huyu mtetezi ndiye nina ugomvi naye.

Mifano anayo, tena ya kweli. Rio Ferdinand, beki wa zamani wa Manchester United, alisomea baleti London alipokuwa mdogo. Lynn Swann, aliyechezea Pittsburgh Steelers katika futiboli ya Kimarekani na kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi yao, mara nne, naye alipitia madarasa ya baleti. Sawa. Lakini tukijitetea hivyo tunapeleka kesi yetu kwenye baraza lilelile linalotucheka, na kukubali sheria zake: jambo likiwa gumu na la misuli, ni la kiume, basi ruhusa. Je, kama lingekuwa rahisi?

Darasani kwetu hapa Nairobi, la watu wazima wanaoanza, kuna mwenzetu mwenye mabega ya kubeba magunia. Kukunja magoti visigino vikiwa sakafuni, anaweza. Kuinuka kwa ncha za vidole na kuachia ule mti wa kushikilia, anatetemeka kama sisi wote, kisha anaweza. Kilichomshinda ni mkono. Mwalimu alimwambia aufungue polepole kando, kiwiko kisidondoke, vidole vilegee. Akaufungua vizuri kabisa, lakini kule mwisho kulikuwa na ngumi. Mwalimu akamgusa, ngumi ikafunguka. Hatua mbili, imejifunga tena, na mwenyewe hana habari.

Hapo ndipo penye kazi, na hakuna jimu itakayoisaidia. Uzito hatuuogopi. Tunachoogopa ni kuonekana walaini mbele za watu, tena tukiwa wanafunzi, tukirekebishwa na mwalimu ambaye pengine ni binti wa miaka ishirini na kitu.

Na hofu hiyo hatukuirithi kutoka kwenye baleti yenyewe. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alicheza baleti mbele ya watu wake mwaka 1653, akiwa na miaka 14, amevaa kama jua. Mwaka 1661 akaanzisha chuo cha kifalme cha dansi. Wanawake wachezaji wa kulipwa walipanda jukwaa la Opera ya Paris mwaka 1681, na kabla ya hapo nafasi za kike pale walizicheza wanaume. Kufikia 1870 mambo yalikuwa yamepinduka: baleti iitwayo Coppélia ilipooneshwa Paris mara ya kwanza, Franz, kijana mpenzi wa kwenye hadithi, alichezwa na mwanamke, Eugénie Fiocre.

Kwetu nako, nani amewahi kumhoji moran? Anaruka wima, mwili umenyooka, visigino havigusi chini, shanga shingoni na nywele zimepakwa udongo mwekundu, huku wasichana wakimtazama. Uruke hivyohivyo kwa piano, unaitiwa wazee wa ukoo.

Kinachonikera zaidi ni jinsi tunavyomsimulia Joel Kioko, kijana wa Kuwinda, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, aliyefika English National Ballet School kule London. Kila mara hadithi inaanzia kwenye umaskini. Hiyo ndiyo leseni nyingine tunayoikubali: mwanamume akicheza kwa ajili ya ugali, tunamwelewa. Ametafuta, amepata. Sasa mimi je, mwenye kazi yangu, magoti yanayolia nikipanda ngazi, na jukwaa sitaliona kamwe? Sina mechi ya kujiandalia wala familia ya kuikomboa. Naipenda tu. Naupenda ule muziki wa polepole wa mwanzo, na ile dakika ambapo mguu na mkono vinafika pamoja, kwangu mimi mara chache sana.

Kwa wanaouliza kichinichini kama umri umeshawapita: kwa kuajiriwa, ndiyo, umepita zamani. Kwa darasa la wanaoanza, hapana. Bukta yoyote inafaa, na siku ya kwanza viatu si lazima, soksi zinatosha.