Mchuzi nao ni nyama, mama

Nimesoma makala kuhusu watu walioacha kula nyama, na mwandishi wake anasema wengi wao wamekatazwa na daktari. Mimi sikukatazwa na mtu. Nilianza na ng'ombe mwaka 2019, mbuzi akafuata, kuku nikamwacha baada ya mwaka mzima. Dagaa ndio walinishinda: wale wa Mwanza, wa kukaanga kwa ndimu na pilipili, niliwaaga mara tatu nikawarudia.

Kupika si shida. Mbaazi za nazi, kunde, choroko, mchicha wa karanga, nani atalala njaa? Shida ni watu. Kwa mama ntilie naomba wali maharage, naye kwa huruma ananimwagia mchuzi wa nyama juu: "Nyama sijakuwekea, kula tu mwanangu." Ukweni Moshi ndiko kugumu zaidi. Mbuzi amechinjwa kwa ajili yako, utasemaje? Baba mkwe alinitazama, akaniuliza taratibu kama nimeokoka au naumwa. Siku hizi ndizi zangu zinapikwa sufuria ya pembeni, na mashemeji wanagombea fungu langu la nyama.

Ila mwandishi wa makala ile kasahau jambo moja: vitamini B12 huipati kwenye mboga za majani wala maharage. Ndiyo maana maziwa na mayai sijaacha.