Nafasi ya Kusoma Faili Ihesabiwe kwa Baiti

Kwa maoni yangu, programu ya Java inayosoma faili la maandishi linaloendelea kuandikwa haina budi kuijua yenyewe nafasi iliyofikia, na nafasi hiyo ihesabiwe kwa baiti (vipande vidogo vya data vinavyounda faili), si kwa mistari wala kwa herufi. Chukulia faili la mizani katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ambamo kila gunia la dagaa linalopimwa huongeza mstari wenye jina la mwenye mzigo, kilo na bei. Umeme ukikatika na kurudi, programu inayojumlisha mauzo inapaswa kuendelea pale ilipoishia. Ikianza upya, magunia yatahesabiwa mara mbili, na ikiruka mstari, mtu atadhulumiwa jasho lake.

Wengi hukimbilia BufferedReader, zana ya Java ya kusoma maandishi, nami siwalaumu, kwa kuwa inasoma haraka. Kasi hiyo, hata hivyo, inatokana na bafa, yaani ghala la muda la kumbukumbu, ambayo kwa kawaida hubeba herufi 8192 kwa mkupuo, hivyo ukiiuliza FileChannel iliyo chini yake, ambayo ndiyo inayolisoma faili lenyewe, itakutajia mahali bafa ilipofika, mbele kabisa ya mstari unaoushughulikia. LineNumberReader, inayohesabu mistari, nayo isikudanganye: setLineNumber hubadilisha namba ya mstari tu, wala haisogezi usomaji.

RandomAccessFile, zana nyingine ya Java, ndiyo inayokupa seek ya kuruka hadi baiti uitakayo na getFilePointer ya kukutajia ulipofika. Tatizo liko kwenye readLine yake ya kusoma mstari mmoja, ambayo hugeuza kila baiti kuwa herufi moja. Kiswahili kinauficha ugonjwa huu, kwa sababu herufi zetu zote za kawaida huchukua baiti moja moja katika UTF-8, usimbaji (namna ya kuandika herufi kwa baiti) unaotumika sana, na majaribio yatapita salama. Utajitokeza siku karani atakapoandika jina la Kisukuma kama Ng’wandu kwa simu inayoweka ritifaa iliyopinda: alama hiyo peke yake ina baiti tatu, jina la herufi nane linakuwa na baiti kumi, na readLine inatoa takataka tatu mahali pa alama moja. Naye anayelisoma jina sawasawa, lakini akahesabu nafasi kwa urefu wa String (mfuatano wa herufi katika Java), atakuwa amepotea kwa baiti mbili, na upotevu huo utaongezeka kwa kila jina la namna hiyo.

Njia ninayoitetea ni kusoma baiti zenyewe kwa bafa yako mwenyewe, kukata mstari kwenye baiti yenye thamani 10, alama ya mwisho wa mstari, ambayo katika UTF-8 haipatikani kamwe ndani ya herufi nyingine, na ndipo uugeuze mstari kuwa String kwa kuitaja UTF-8 waziwazi, maana kabla ya Java 18 ya mwaka 2022 usimbaji usiotajwa ulitegemea mashine. Mstari ambao haujafungwa na baiti hiyo uachwe kwanza, kwa kuwa huenda mizani haijamaliza kuuandika. Nafasi ihifadhiwe pamoja na jumla ya mauzo katika muamala mmoja wa hifadhidata, ili vyote viwili vihifadhiwe pamoja au visihifadhiwe kabisa. Tena, kabla ya kuita seek, ilinganishe nafasi hiyo na length, yaani urefu wa faili kwa baiti, kwa sababu seek hukubali kupita mwisho wa faili bila kulalamika, na faili likiwa limeanzishwa upya asubuhi, programu itakaa ikingoja huku mistari mipya ikiandikwa nyuma yake.