Kiti cha Afande

Mimi ni afande hapa Kairo. Si afande wa bunduki. Afande wa kalamu, tarbushi na deni dukani. Tangu Machi naomba kiti. Hiki changu kina miguu mitatu, wa nne ni goti langu.

Nikampelekea Pasha, mkubwa wetu. Pasha ana zulia, ana ndevu, ana muhuri. Akasoma, akatikisa kichwa: "Ombi zuri, afande. Tungoje mshauri aseme."

Mshauri ni Mwingereza. Wallahi, haamrishi. Anashauri tu! Na waziri ana hiari ya kukataa, ila siku hiyohiyo afungashe virago. London waliandika tangu 1884, asiyesikia ushauri apishe. Mke wangu naye hunishauri hivyohivyo, kwa hiyo naelewa.

Nishtaki wapi? Kwenye karatasi sisi ni watu wa Sultani wa Istanbul. Chini yake yuko Khedive, mtawala wa Misri, Abbas Hilmi. Waingereza waliingia 1882 kumwokoa baba yake kutoka kwa akina Urabi, wanajeshi walioasi, wakasema ni mara moja tu, tunaondoka. Leo ni 1907. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana miaka 25, na jembe katupa sisi.

Na yule Mwingereza, Lord Cromer, aliyetukalia miaka 24, cheo chake? Balozi mdogo mkuu. Mdogo, halafu mkuu! Sikujua niinamie lipi. Mwezi Mei kaenda zake, kaja Gorst na cheo kilekile. Nikasema hapo hapo, kiti kitapita.

Jibu likaja: serikali ina deni. Deni la nani? La Khedive Ismail! Yule aliyewauzia Waingereza haohao hisa zake za Mfereji wa Suez, 1875, kwa pauni kama milioni 4. Yeye keshazikwa, mimi ndiye ninayechuchumaa.

Ningepiga kelele, lakini mama yangu yuko Menufia, anafuga njiwa. Mwaka jana maofisa wa Kiingereza walikwenda kijiji cha Denshawai, hukohuko, kuwapiga risasi njiwa wa watu. Ugomvi ukazuka, ofisa mmoja akafa akikimbia juani, wanakijiji 4 wakanyongwa. Siku hizi mama akisikia farasi njiani, anaingiza njiwa ndani, kisha anajifungia nao.

Basi nimenyamaza. Goti limevimba, nimeandika ombi la pili, la dawa. Pasha kalipenda sana. Ila mshauri yuko likizo kwao, joto la Kairo halimfai. Tungoje Novemba.